Difu haina geji: joto chini ya gari safarini

Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Land Cruiser 79 ya gia za mkono unasoma maji ya injini tu. Difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto) na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) hazina pa kukulalamikia. Gari lililosheheni linaweza kuunguza oili ya difu kwenye mlima Kitonga huku mshale umetulia katikati.

Kosa la kwanza ni la dereva. Gari hili halina difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiweka fo-wili (magurudumu yote manne yakivuta) kwenye lami, kila kona magurudumu ya mbele yanataka kwenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na transfa imeyafunga pamoja. Mchangani tairi huteleza kidogo, mvutano ukaisha. Lami haina huruma hiyo: propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) na meno ya gia hukazana, joto likapanda. Usukani unakuwa mzito, na leva ya fo-wili ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache bila kukata kona, itaachia. Fo-wili ikiwa ndani, tairi mpya mbele na kipara nyuma huleta mkazo uleule hata barabara ikiwa imenyooka.

Oili ya difu ni ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya uzito wa 80W-90 au 85W-90. Ya giaboksi fuata kitabu cha gari, maana baadhi ya GL-5 hula pete za shaba za gia. Egesha pahali tambarare, fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia (ikigoma wakati oili yote iko kwenye karai, umelala hapo), kisha jaza mpaka ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikizidi, gia huipiga ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Wapo wanaotia oili ya uzito wa 140 wakidhani inapoza. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huongeza joto kwa kuchapwa, wala haiponyi beringi iliyokazwa mno. Kwenye sumaku ya nati, uji wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ni dalili kwamba difu inahitaji kufunguliwa.

Wengi husahau kipumulio, tundu la kutolea hewa juu ya ekseli. Kikiziba tope, hewa inayotanuka kwa joto husukuma oili kwenye sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje. Mtoni ni kinyume chake: difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa husinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilezile, kesho oili ni chai ya maziwa. Unganisha mpira unaostahimili oili kutoka kwenye kipumulio, uupandishe hadi juu kwenye boneti, na kabla ya kuvuka subiri ekseli ipoe.

Kila kituo, nyunyizia difu matone ya maji, usiiguse. Yakichemka papo hapo, imepita nyuzi 100. Linganisha pia haba (vitovu vya magurudumu) za kulia na kushoto kwa kipimajoto cha kulenga: moja ikiwa moto kuliko mwenzake kwa nyuzi 20 au zaidi, nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika au beringi imekaza. Likicheza ukilitikisa juu na chini, anza na beringi.