Jibu: Nimekariri maneno ya biashara lakini nikiandika barua pepe nakwama

Ndugu, umesema umekariri mamia ya maneno ya Kiingereza cha biashara, ila ukikaa kuandika barua pepe ya kazi hayaji. Usijilaumu. Orodha inakupa neno likiwa peke yake, na kazini maneno hutembea kwa makundi.

Chukua "invoice", yaani ankara. Kujua maana yake hakutoshi. Ukiitoa ni "issue an invoice", mteja akiilipa ni "settle", na siku ya malipo ikipita kabla hajalipa inakuwa "overdue". Yaandike yote kwenye ukurasa mmoja, kwa sentensi kamili zinazohusu kazi yako halisi, na Kiswahili chake pembeni. Fanya hivyo pia kwa "order", "payment" na "deadline" na utaona tofauti mapema.

Maneno ya hisa na uwekezaji yaache kwanza kama wewe ni mtu wa mauzo. Fungua barua pepe ulizopokea kazini, zile zilizoandikwa vizuri, uchote humo.

Halafu suala la kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kwa hiyo rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Unaporudia, funika Kiingereza, soma Kiswahili, uandike sentensi mwenyewe. Kupitisha macho tu hakusaidii sana.

Ukishaandika sentensi tano za ankara, ziweke hapa. Nitazipitia.