Maswali ya Wasomaji: Kuunganisha Timu, Mipira ya Kurusha na Safari ya Denmark

Habari za kazi, mhariri. Mtaani kwetu Tandika kuna timu mbili zinazogombania wachezaji walewale, uwanja uleule na wafadhili walewale. Wazee wanataka ziungane. Nasikia FC Midtjylland ya Denmark ilizaliwa hivyo. Walifanyaje mashabiki wasisuse?

Waliunganisha timu ya kwanza tu. Ikast FS, ya mwaka 1935, na Herning Fremad, ya mwaka 1918, ni klabu za miji miwili jirani katikati ya Jutland, rasi ya magharibi mwa Denmark, umbali wa kama Posta hadi Mwenge na ushee, na zilikuwa watani kwelikweli. Mwaka 1999 zilikubaliana timu ya kulipwa iwe moja na ibebe jina la eneo zima, ili mji wowote usijione umemezwa. Klabu mama hazikufutwa. Zipo hadi leo, na watoto wao, wanachama wao na timu zao za ridhaa kwenye madaraja ya chini. Aliyezaliwa Ikast FS bado anayo Ikast FS yake ya kugombania.

Timu mpya ilianzia daraja la pili, ikapanda Superliga, ligi kuu ya Denmark, mwaka 2000, na ubingwa wa kwanza ikauchukua msimu wa 2014/15. FC København nayo ilitokana na klabu mbili za Copenhagen, KB na B 1903, mwaka 1992, ikawa bingwa msimu wake wa kwanza, lakini mataji 15 ya KB haikuyahesabu kuwa yake. Hilo nanyi liamueni mapema: vikombe vya zamani vinabaki kwenye kabati la nani?

Kwenu Tandika, kila timu ifanye kwanza mkutano wake mkuu peke yake, wenye akidi ya katiba na muhtasari uliosainiwa. Akidi isipotimia, atakayekosa cheo ndiye atakayekwenda kwa msajili kupinga, na msimu utaisha mkiwa ofisini. Pili, kila upande uweke mezani madeni yake: kodi ya pango, fundi wa jezi, mchezaji aliyeahidiwa pesa ya usajili. Deni linaloibuka baada ya kuungana huvunja timu haraka kuliko utani. Tatu, andikeni ni nafasi ya ligi ya nani itakayotumika, maana hamwezi kubaki na mbili. Kisha pelekeni katiba mpya kwa msajili wa vyama vya michezo, na mkifahamishe chama cha soka cha wilaya kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Wenyeviti wawili wenye madaraka sawa msijaribu. Tumeona timu zikifia hapo.

Mimi ni kocha wa vijana Mbagala. Midtjylland wanasifika kwa mipira iliyokufa, yaani kona, frikiki na mipira ya kurusha. Nina kijana anarusha mpira mpaka ndani ya boksi, lakini hatupati bao. Tatizo ni nini?

Kocha, mara nyingi tatizo ni mpira kupaa. Mpira wa juu unampa kipa muda wa kutoka na kudaka. Unaotakiwa uende kwa kasi na unyooke, ufike kwenye nguzo ya karibu ukiwa usawa wa kichwa. Midtjylland walimtumia Thomas Grønnemark, mtaalamu wa kurusha ambaye Liverpool nao walimchukua mwaka 2018, na ule ubingwa wa 2015 ulijengwa sana juu ya mipira iliyokufa.

Anza na mrushaji. Hatua nne hadi sita za kukimbia zinatosha, na ya mwisho iwe ndefu. Viganja vikae nyuma ya mpira, vidole gumba vikikaribiana. Mpira ushuke hadi kisogoni, mgongo ujipinde, halafu nguvu itoke tumboni kupanda mabegani. Mikono imalizie tu. Anayetumia mikono peke yake huishia kuumwa bega. Auachie mpira ukiwa mbele kidogo ya paji la uso: akiuachia mapema unapaa, akichelewa unagonga chini mita kumi mbele.

Makosa ya refa yako kwenye miguu. Wakati wa kurusha, sehemu ya kila mguu iwe chini, juu ya mstari au nje yake. Vijana wengi huinua mguu wa nyuma kwa sababu ya kasi. Mfundishe auburute, ncha ya kiatu iguse mchanga mpaka mpira utoke mkononi. Na mpira lazima utokee nyuma ya kichwa, upite juu yake, kwa mikono yote miwili. Akikosea, wapinzani wanarusha palepale.

Sasa mpange. Mrushaji mmoja, watano ndani ya boksi, wawili ukingoni mwa boksi kuokota mpira wa pili, wawili nyuma kuzuia kaunta. Kati ya wale watano, mrefu kuliko wote asimame nguzo ya karibu, na kazi yake ni kuupunguza mpira kwa kichwa uelekee nyuma. Asijaribu kufunga. Mmoja asimame mbele ya kipa bila kumshika wala kumsukuma. Watatu waanzie karibu na alama ya penalti na waingie kwa mbio mpira ukishatoka. Wakitangulia kusimama golini, mabeki wanawabana.

Kumbuka pia kwamba anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kurusha hawezi kuwa ameotea. Lakini mpira ukishaguswa na yule mrefu, sheria ya kuotea inarudi, na hapo ndipo mabao mengi ya mtaani hukataliwa. Na mpira uliorushwa ukiingia wavuni bila kuguswa na yeyote si bao, ni goli kiki.

Mwanangu ana miaka 16. Kuna mtu anadai atamfanyia mpango wa majaribio Denmark, ila nitoe kwanza pesa ya kushughulikia. Nitoe?

Usitoe, mama. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Mshambuliaji wetu Mtanzania Kelvin John alisaini Genk ya Ubelgiji mwaka 2021 alipotimiza miaka 18, na AaB ya Denmark ikaja baadaye, 2024. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao. Klabu inayomtaka kijana kweli hutuma barua rasmi.

Cha kufanya sasa ni kuhakikisha timu yake imemsajili kupitia mfumo wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Akiuzwa siku moja kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa timu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Ada ikiwa euro milioni moja, timu iliyomlea misimu minne ya mwanzo inastahili euro 10,000. Timu isiyo na kumbukumbu za usajili haipati hata senti.

Mechi za Superliga zinaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ongeza saa moja. Miezi mingine ongeza saa mbili. Mechi ya saa 12 jioni kwao huanza saa 1 usiku Dar wakati wa kiangazi chao, na saa 2 usiku Novemba. Januari usihangaike kutafuta, ligi inakuwa mapumziko ya baridi. Timu ni 12. Baada ya raundi 22, sita za juu na sita za chini hugawanyika na kucheza mechi 10 zaidi kila moja, zikibaki na pointi zake.