Kidaka, Dafu na Nazi Ndani ya Uboho: Barua kwa Mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: ikiwa uboho wa mjukuu wangu umekutwa na seli changa za B kufikia asilimia 18, kwa nini daktari anasema hana saratani ya damu? Katika miaka yangu ya maabara nimeyaona majibu ya namna hii yakiwaliza wazee bure, basi nitakueleza kwa kituo.

Seli za B ni chembe nyeupe za damu ambazo zikishakomaa hutengeneza kingamwili, na huzaliwa ndani ya uboho. Zilizo changa huitwa hematogoni. Kwa mtoto wa miaka miwili, kuwa nazo nyingi si ajabu, kwa kuwa mwili wake ndio kwanza unajenga kinga. Hupungua kadiri umri unavyosonga, ingawa hata mtu mzima hazimwishi kabisa. Huongezeka pia uboho unapojijenga upya baada ya dawa za saratani, baada ya maradhi ya virusi, na katika ugonjwa huu alionao mjukuu wangu, ambapo kinga ya mwili huziharibu chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Yale mavilio ya miguuni yametokana na hilo.

Tatizo ni sura. Chini ya hadubini hematogoni ni seli ndogo ambayo kiini chake kimeijaza karibu yote, kama ilivyo seli nyingi za lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, na hata jicho lililozoea hukosea (langu simo kulitoa). Kwa hiyo uboho hupitishwa kwenye mashine ya leza inayosoma alama za kila seli, yaani protini zinazoitambulisha. Ukumbuke mnazi wetu wa uani: ukiwa mzima, utaukuta na kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, vyote kwa wakati mmoja. Hematogoni ndivyo zilivyo. Zilizo changa kabisa zina alama ziitwazo CD34 na TdT. Zinazofuata huziacha hizo, kisha alama ya CD20 huzidi polepole huku ile ya CD10 ikififia, mpaka seli ikomae. Lukemia ni mnazi uliosheheni vitale vitupu visivyofika kuwa dafu, kwani seli zake zimekwama hatua moja, na mara nyingi alama zake zimepita kiasi au zimepungua kuliko kawaida.

Mstari wa majibu ya maabara ulioninukulia unasema hatua zote zipo kwa mpangilio, na mstari huo una uzito kuliko ile asilimia 18. Mimi ningeshughulika zaidi na chembe sahani: asipewe aspirini wala ibuprofeni, asiachwe kuparamia miti, na kliniki msiikose. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona ndani ya miezi 12.

Nitumie nakala ya ukurasa wa pili wa majibu hayo kwa yeyote anayekuja na boti. Nataka kuiona mwenyewe picha iliyotolewa na mashine.

Wassalaam,
Baba yako