Trauti wa mto Thego mwezi Juni

Umeuliza kama masika yakiisha unaweza kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, kule Thego. Unaweza, ila usiangalie kalenda, angalia maji. Mvua ikipiga mlimani usiku, asubuhi mto una rangi ya chai ya maziwa na samaki haoni kitu. Siku hiyo panda juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya; huko maji husafika mapema.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka. Basi mwendee kwa nyuma, ukipanda na mto, tena umeinama, maana kivuli chako tu kinamkimbiza. Lenga nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapogusana na yaliyotulia. Tupa mshipi mfupi. Vichaka vya pale vinanasa ndoana nyingi kuliko samaki! Mimi huanza na nzi mdogo mweusi wa kuzama, wa kuelea namtumia jioni wadudu wakianza kuruka. Saa sita jua likiwaka, kula viazi vyako upumzike.

Leseni ikate kabla hujashuka mtoni. Ulizia ofisi ya uvuvi pale Nyeri.