Binti wa kikapu, vyeti vyako viko wapi?

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa kidato cha tatu, Mwanza. "Shikamoo dada. Nacheza kikapu uwanja wa Mirongo, nina futi 5 na inchi 10. Nataka kwenda kucheza chuo Marekani kama wewe. Nianzie wapi?" Chai ilinipolea mezani. Nikiwa na umri wake niliuliza swali hilohilo, nikajibiwa: "Fanya mazoezi, Mungu atafungua njia." Mazoezi nilifanya. Njia ilichelewa, na kilichonichelewesha hakikuwa mpira.

Viwanja vya Kidongo Chekundu vilipofunguliwa Dar mwaka 2015 nilikuwa kidato cha nne. Nilikuwa nafika kabla jua halijakolea, kabla wanaume hawajachukua magoli yote. Kufika kidato cha sita nilishacheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na nilikuwa naingia uwanjani na dada wa ligi ya mkoa bila woga. Kaka yangu akarekodi mechi zetu, tukazituma kwa makocha wengi kwa barua pepe. Mmoja wa chuo cha Divisheni I, ngazi ya juu kati ya tatu za michezo ya vyuo Marekani, akapiga simu. Aliongea na mama, nami nikitafsiri: nafasi ya binti yako ipo. Mama alichinja kuku, mtaa mzima ukajua naondoka.

Mwezi wa nne kocha akaniuliza namba yangu ya usajili wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Sikuwa nayo. Sikujua hata kwamba kuna kituo kinachopitia masomo yako yote ya sekondari kabla hujaruhusiwa kucheza. Divisheni I inataka masomo makuu 16 ya sekondari, yakiwemo ya Kiingereza kwa miaka 4 na hisabati kwa miaka 3, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4.0. Nikaanza kukimbizana na shule mbili kutafuta ripoti za tangu kidato cha kwanza. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, vyuo vya Marekani hufungua Agosti. Pigeni hesabu wenyewe. Katikati ya mbio hizo yule kocha akahamia chuo kingine, na aliyechukua nafasi yake hakuwahi kulisikia jina langu. Sijawahi kucheza mechi ngumu kama jioni ile ya kumweleza mama.

Hapo ndipo tulipompata wakala. Alichukua shilingi milioni moja na nusu akisema "atashughulikia viza". Wadogo zangu, fomu ya I-20 unayokwenda nayo ubalozini inatolewa na chuo kilichokupokea. Hakuna mtu Kariakoo wala Posta anayeiuza. Pesa ile ilikuwa mtaji wa mama wa vitenge, na mpaka leo nikipita duka la vitenge huwa naikumbuka.

Aliyenichukua ni kocha wa chuo cha miaka miwili, Kansas. Wengi mnavidharau vyuo hivi, wenyewe wanaviita JUCO. Msividharau. Masharti yake ya kuingia ni mepesi, vingi vinatoa ufadhili, na ukisoma vizuri unahamia chuo cha miaka minne. Nilifanya hivyo, nikamalizia Divisheni II na shahada yangu ninayo. Baadaye nilimuuliza yule kocha wa Kansas alichokiona kwangu. Hakutaja pointi zangu 24 za mechi tuliyomtumia. Alitaja robo ya tatu: nimepokonywa mpira katikati ya uwanja, nikageuka, nikamkimbiza yule dada mpaka chini ya goli na kuugonga mpira wake kwenye ubao. Alisema kipande hicho alikirudia mara nne. Kaka alikuwa ametaka kukikata kwa sababu kinaanza na kosa langu.

Kwa hiyo tuma mechi nzima. Vipande vya kufunga tu havimwambii kocha unarudije kulinda, wala unakaaje benchi ukitolewa. Jezi yako ionekane namba. Na vyeti, narudia, vyeti. Ripoti ya kila muhula iweke kwenye faili moja kuanzia leo, upige picha kila ukurasa. Mtihani wa SAT, ule wa kuombea chuo Marekani, NCAA haiudai tena tangu 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuudai, na Kiingereza utapimwa. Ahadi ya simu si nafasi. Subiri mkataba wa ufadhili wenye sahihi, usome ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipia chakula na malazi au ada peke yake. Ukiambiwa Divisheni III wanakupa ufadhili wa kikapu, kimbia, kwa sababu divisheni hiyo haitoi ufadhili wa michezo.

Nafasi zipo. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ndiyo iliyovibana vyuo vya Marekani viwape wasichana haki sawa na wavulana, hata kwenye michezo. Watu walizipigania, kisha sisi tunazikosa kwa karatasi! Inaniuma. Nimeona wasichana wenye mkono mzuri kuliko mimi wakiishia kucheza bonanza za Jumapili kwa sababu kila mtu aliwasifia na hakuna aliyewauliza walipata ngapi hisabati. Wasichana, acheni kulewa makofi ya uwanjani. Wazazi, mnaokuja kushangilia, ulizeni pia daftari. Makocha wetu, mnajua kufundisha leyapu. Jifunzeni na usajili, maana mtoto hana mwingine wa kumuuliza.

Mdogo wangu wa Mwanza, marahaba. Hisabati umepata ngapi muhula huu? Nijibu hilo kwanza. Halafu mechi yenu ijayo mtafute mtu asimame juu, usawa wa mstari wa kati, arekodi robo zote nne bila kuzima simu, hata mkifungwa. Nitumie yote, nitaiangalia mpaka mwisho.