Damu nzito sio lazima iwe D45

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya misimbo ya magonjwa huku Marekani, naomba tuongelee damu nzito, yaani chembe nyekundu zikizidi, ambayo madaktari huita polisaithemia, manake wapya wengi wanakwama hapa. Mtu akiona tu polisaithemia kwenye noti ya daktari anakimbilia D45. Jamani, D45 ni polisaithemia vera, ugonjwa wa uboho wenyewe, kwenye kitabu cha misimbo cha ICD-10-CM imewekwa sura ya 2 pamoja na saratani na uvimbe. Ukimbandika mgonjwa asiye nayo, rekodi hiyo itamfuata kwa bima na kwa kila daktari, na mimi hilo linaniuma kweli.

Daktari akiandika polisaithemia peke yake, faharasa inakupeleka D75.1, hiyohiyo ya chembe nyekundu zilizopanda kwa sababu zingine kama oksijeni kidogo, figo, au kuishiwa maji mwilini. Ya kurithi ni D75.0, kichanga P61.1, basi. Na usiweke D45 na D75.1 kwa pamoja, someni pale pameandikwa Excludes1, yaani misimbo hiyo haiwekwi pamoja.

Sasa wanaume wanaochoma sindano za testosteroni, hawa mtakutana nao sana. Daktari akiandika wazi kwamba dawa ndo imepandisha chembe nyekundu, na mgonjwa aliitumia kama alivyoelekezwa, inatangulia D75.1 halafu T38.7X5A, msimbo wa madhara ya dawa za aina hiyo, sio kinyume.

Kitu kingine, majibu ya maabara sio diagnosisi. Hata uone himoglobini 18 na kipimo cha jini la JAK2 kimetoka pozitivu, na kweli karibu 95% ya wenye vera wana badiliko la hiyo jini, wewe huna ruhusa ya kumpa mgonjwa ugonjwa, mwenye ruhusa ni daktari. Akiandika "huenda ni vera" na mgonjwa ni wa kliniki, anakuja na kurudi nyumbani, hauweki D45, unaweka kile kilichothibitika siku hiyo. Ila akiwa amelazwa na maneno hayo bado yapo kwenye ripoti ya kuruhusiwa, hapo sheria inasema weka kana kwamba anao. Tofauti hii ishikeni sana, kwenye mtihani inaulizwa na kazini ndo inarudisha madai ya bima.

Noti ikigongana, mfano juu imeandikwa vera na chini imeandikwa imesababishwa na sigara, muulize daktari kwa maandishi. Ila swali lako lisimsukume upande wowote, mpe dalili na vipimo vilivyopo kwenye faili, umwachie aandike mwenyewe ni ipi.