Nati ya ekseli haikazwi mpaka mkono ukatae

Ndugu yangu wa Toyota Probox, nimeisoma habari yako mara mbili. Umetia beringi mpya gurudumu la mbele upande wa kulia, mwenyewe, nyumbani kwako Likoni. Ukakaza nati ya katikati kwa paipu "mpaka mkono ukatae" kama ulivyoelekezwa, na sasa, miezi miwili tu, gari limeanza tena kuvuma. Unauliza kama uliuziwa beringi feki. Huenda. Lakini kabla hujaenda kugombana na mwenye duka, hebu tulizungumze hilo paipu, maana nami nilikuwa mtu wa paipu.

Mie si fundi wa karakana. Nasambaza mikate na mayai, Likoni mpaka Ukunda, Probox ndiyo inayonilisha. Beringi za mbele nimebadilisha tatu kwa mikono yangu. Ya kwanza niliiua mwenyewe, ya pili pia niliiua mwenyewe ila kwa ujinga mwingine, ya tatu bado inakimbia.

Beringi ya mbele ya gari hili ina safu mbili za gololi. Pete yake ya nje ni moja, imeshindiliwa ndani ya nakulo, kile chuma kinachobeba gurudumu. Pete ya ndani si moja: ni nusu mbili zinazokutana katikati. Hakuna gundi wala pini inayozishikanisha. Kinachozibana zikae kama kitu kimoja ni ile nati iliyo mwisho wa shafti inayozungusha gurudumu. Ndiyo maana nati hii si kama nati nyingine ambayo kazi yake ni kuzuia kitu kisianguke. Hii ni sehemu ya beringi yenyewe. Ikilegea, zile nusu zinaachana kiasi cha unywele, gololi zinapata pa kucheza, na zinaanza kuchimba njia yake. Ikikazwa kupita kiasi, meno ya nati na shafti yanavutika, pete zinaminywa, ule upenyo mdogo uliokadiriwa kiwandani unakwisha, beringi inapata moto na grisi inakimbia. Kilio cha mwisho kwa hali zote mbili ni kilekile: vuuuu, ukipita kilomita 60 kwa saa, na sauti inabadilika ukikata kona.

Toyota wametoa namba ya nati hii: 216 Nm, yaani nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia. Kwa lugha ya sokoni, ni kama kuning'iniza kilo 22 kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Sasa wewe una paipu la mita moja na, tuseme, kilo 75 za mwili. Ukilipandia, umefika karibu 735 Nm, mara tatu na zaidi. Na hutasikia chochote, kwa sababu paipu halina adabu ya kukuambia basi. "Mkono ukatae" maana yake nini? Mkono wangu na wa kuli wa bandarini haikatai mahali pamoja. Hata mkono wangu mimi mwenyewe, asubuhi na saa tisa za jua la Mombasa, si mkono mmoja.

Kwa hivyo tafuta toki, ile spana ya kupimia nguvu inayolia "tak" ikifika. Hapa kuna mtego. Toki nyingi za bei nafuu za mraba wa nusu inchi, ile ncha inayovaa soketi, zinakomea 200 au 210. Ukisoma boksi harakaharaka unaona kubwa, unanunua, unafika nyumbani unakuta huwezi kuseti 216. Pengo la 210 na 216 ni dogo, halitaua beringi, lakini kuibana springi ya toki mpaka mwisho wake kila mara ni kuichosha. Mie nilirudi dukani nikaongeza pesa nikachukua inayofika 340.

Ujinga wangu wa pili ulikuwa hapo. Toki ina mistari miwili ya namba kwenye mpini, mmoja wa Nm na mwingine wa pauni-futi. Nikaseti 216 kwenye mstari wa pauni-futi. Hiyo ni karibu 293 Nm. Nilijiona mtaalamu kweli, nimevaa na glavu. Nati ilichukua nguvu nyingi mno kabla ya "tak", nikajiambia ah, ndivyo namba ya kiwandani ilivyo. Beringi hiyo haikumaliza mwaka. Kwa pauni-futi namba sahihi ni 159. Iandike kwa kalamu ya rangi kwenye boksi la toki, usitegemee kichwa.

Utauliza, nitajuaje kama toki ya bei nafuu inasema kweli? Tumia mtungi wa maji. Ule wa lita 20 anaouleta mtu wa mkokoteni, ukijaa una kilo 20 za maji, na mtungi wenyewe kama kilo moja. Bana mraba wa toki kwenye jiriwa, mpini ulale sawa na ardhi, kisha ning'iniza mtungi kwa kamba katikati ya mshikio. Kwenye toki yangu hapo ni sentimita 50 kutoka katikati ya mraba, kwa hivyo mzigo huo unatoa 103 Nm. Yako ipime kwa futi kamba, usikisie: kilo zidisha 9.81, zidisha urefu kwa mita. Uzito wa mpini wenyewe unaongeza Nm tatu au nne hivi. Seti 103, shusha mtungi polepole. Ikilia, panda 115 urudie, hapo isilie. Isipolia, shuka 95 urudie. Ikilia penye 115, au ikanyamaza penye 95, irudishe ilikotoka. Si maabara, lakini toki iliyopotoka sana utaikamata.

Sasa meno. Hili watu wa pwani tunalikosea kwa nia njema. Gari linavuka feri kila siku, maji ya chumvi yanaruka pale kwenye mteremko, upepo wenyewe una chumvi, kila kitu kina kutu. Kwa hivyo mtu anapaka grisi meno ya shafti "yasishike kutu", kisha anakaza kwa namba ya kitabu. Tatizo ni kwamba katika nguvu unayotia kwenye nati, kama sehemu tisa kwa kumi zinaliwa na msuguano, wa meno na wa uso wa nati. Sehemu moja tu ndiyo inayobana. Ukitia grisi, msuguano unapungua, na nguvu iliyobaki yote inakwenda kubana. Toki inasema 216 lakini mbano ni wa namba kubwa zaidi. Kutu nayo inafanya kinyume: inakula nguvu, toki inalia mapema, nati bado haijabana. Kwa nati hii Toyota wanataka meno safi na makavu, bila mafuta. Piga brashi ya waya, kisha dawa ya kusafishia breki, ile inayokauka yenyewe. Ile ya kupulizia ya kulegezea kutu ni nzuri wakati wa kufungua, ila inaacha mafuta, kwa hivyo ioshe kabla ya kufunga. Ukitaka kupambana na chumvi, paka grisi nje ukishamaliza kila kitu.

Na nati iwe mpya. Ya zamani ina ukingo mwembamba uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Kuifungua, uinue kwanza ule ukingo kwa tindo nyembamba. Ukizungusha kwa nguvu bila kuuinua unachana meno ya shafti, na shafti si bei ya nati. Ukingo ukishainuliwa umekwisha kazi, ukiugonga tena unapasuka. Wewe hukusema ulitia mpya. Nina shaka nawe hapo, unisamehe.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maneno yangu. Jeki ikae juu ya ubao, mchanga wetu wa Likoni unameza jeki, na chini ya gari weka stendi, si mawe. Rudisha disiki na kalipa ya breki kwanza. Kisha mtu apande akanyage breki kwa nguvu. Kwangu ni mama watoto, na huwa namwambia mapema ni dakika ngapi ili asinishukie katikati. Usilishushe gari tairi ikae chini kabla nati haijafika namba yake. Zile nusu mbili za pete zikibeba uzito wa gari zikiwa hazijabanwa, beringi mpya imeumia hata kabla ya kutoka getini. Nati ianze kwa vidole, mizunguko kadhaa. Ikikataa vidole, usiisaidie kwa spana, irudishe nyuma uangalie meno. Soketi ni ya milimita 30. Kisha toki, ukishika pale kwenye mshikio tu. Usirefushe toki kwa paipu, kipimo chake kimehesabiwa kwa urefu wake. Kijiti cha kurefushia soketi, kilichonyooka, hakina neno. Vuta taratibu, mvuto mmoja mrefu. "Tak". Acha. Ile tabia ya kuongeza "tak" ya pili na ya tatu kwa usalama, kila moja inaongeza kidogo.

Baada ya hapo gonga ukingo wa nati uingie kwenye mfereji wa shafti. Mie huchora na mstari wa rangi, nati na shafti pamoja. Mstari ukija kukatika siku moja, nati imetembea. Toki isitumike kufungulia nati, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabla ya kuiweka kabatini.

Nati za tairi, kwa kuwa uliuliza pembeni: 103 Nm, msalaba kwa msalaba, tairi ikiwa chini kwa mkazo wa mwisho. Mtu wa panchari mwenye mashine ya upepo hajui 103 ni nini. Namwachia aziweke, nikifika nyumbani nazilegeza nazikaza upya, na baada ya kilomita 50 hadi 100 nazipitia tena.

Sasa hiyo yako inayovuma. Usijaribu kuiokoa kwa kulegeza au kuongeza mkazo. Gololi zikishachimba njia hazirudi. Ila usinunue nyingine kabla hujahakikisha ni hiyo: inua gari, shika springi ya mbele kwa mkono mmoja, zungusha tairi kwa mwingine. Beringi mbovu utaisikia kwenye springi kama mchanga unaosagwa. Linganisha na upande wa kushoto. Tairi iliyolika vibaya nayo huvuma, na nimeona watu wakibadilisha beringi mbili kwa sababu ya tairi moja.

Ukikuta ni beringi kweli, nunua na nati mpya siku hiyohiyo. Toki ukikosa, yangu nitakuazima. Njoo na mtungi.